Pima Kwanza, Ndipo Useme

Kompyuta nyingi nilizoletewa kwa madai kwamba zimekufa, katika miaka yangu ya ualimu jijini Mwanza, zilikuwa hai. Moja ilihitaji betri ya saa tu, ile ndogo ya duara yenye volti 3, ambayo bei yake haifiki nauli ya kwenda Magu. Nyingine ilikuwa na kipande cha RAM kilichochomoka kidogo kwenye nafasi yake, pengine kwa mitikisiko ya safari ndefu ya lori kutoka Dar es Salaam. Ya tatu ilijaa wadudu wa ziwani, feni imeziba, hewa haipiti, ikawa inazimika kila ikipata joto. Zote tatu leja ya stoo ilizitaja kuwa mbovu, na hakuna aliyekuwa amezifungua. Hukumu ilikuwa imetangulia uchunguzi.

Naandika kumbukumbu hii kwa sababu miaka ile ilinipa imani ambayo sijaiacha. Kozi ya mwanzo ya matengenezo ya kompyuta, ikifundishwa vizuri kwa watoto wa sekondari, inawafundisha jambo ambalo masomo mengine huligusa kwa mbali: kutotamka jibu kabla ya kupima. Ndiyo maana nasema ni somo la kila mwanafunzi, awe anaelekea chuo kikuu, karakana au ziwani.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya kata wilayani Ilemela, mojawapo ya zile zilizojengwa kila pembe ya nchi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004. Wananchi walibeba mawe na mchanga kwa mikono yao, wakaisimamisha shule juu ya kilima cha miamba, na kutoka mlangoni pa ofisi uliliona ziwa mpaka macho yakachoka. Madarasa yalitangulia, walimu wakafuata, vifaa vikachelewa. Maabara yetu ya fizikia ilikuwa kabati moja. Kisha zikaja kompyuta za mitumba, msaada wa watu wema wa nje, zikapangwa katika chumba chenye nondo madirishani na kufuli mbili mlangoni. Baada ya miaka michache kufuli zote mbili zilikuwa bado imara, lakini kompyuta zilizowaka zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Wanafunzi wakawa wanajifunza kompyuta ubaoni. Walichora kibodi kwenye daftari kwa rula na penseli. Waliweza kukutajia vizazi vyote vya kompyuta na tarehe zake, na wengi hawakuwahi kubonyeza kitufe hata kimoja. Hali hiyo ilinichoma. Nikaenda kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa ya kuwafungulia watoto zile mashine.

"Mwalimu, hizo ni mali ya umma," akaniambia. "Mtoto akivunja kitu, mkaguzi akija nitamwambia nini?"

"Mkuu, leja inasema ni mbovu. Naomba hizo mbovu peke yake. Nzima zibaki na kufuli zake."

Alifikiri kwa muda, akakubali kwa masharti: iwe Jumamosi baada ya usafi, na mimi niwepo chumbani mwanzo hadi mwisho. Kozi yetu ikaanzia hapo, bila kitabu na bila mtaala, ikiwa na bisibisi chache, brashi za kupakia rangi na mita moja ya kupimia umeme niliyoinunua mjini kwa mshahara wangu.

Kabla hatujagusa skrubu, niliwasimulia watoto historia ambayo Watanzania wengi hawaijui. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mfumo wa hesabu za serikali uliokuwa umehamishiwa kwenye mashine ulikuwa umeleta usumbufu na hasara. Katazo lilikuja kulegezwa baadaye, lakini wakati dunia inajifunza, sisi tulikuwa tumeshapoteza miaka mingi. Nikawauliza: kosa lilikuwa la mashine au la watu? Darasa likagawanyika papo hapo, kila upande ukipaza sauti. Binti mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa amekaa nyuma, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwani tumeshajua iliharibika nini?"

Hakujua kwamba katika swali hilo moja alikuwa ameniandikia mtaala mzima.

Vipindi vya mwanzo havikuhitaji umeme. Kila kikundi kilipewa sanduku moja, wenyewe wakiliita CPU kama lilivyozoeleka mitaani, na trei ya mayai ya kutunzia skrubu. Skrubu ya kila sehemu iliwekwa kwenye shimo lake, na mpangilio ukachorwa kwenye daftari, ili kitakachofunguliwa kirudi kilipotoka. Walijifunza kugusa chuma cha sanduku kabla ya kushika RAM, kusudi chaji iliyo mwilini isiingie kwenye vipande laini. Walijifunza kusafisha miguu ya RAM kwa ufutio wa penseli na kuirudisha mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Walijifunza kwamba kila aina ya RAM ina pengo lake, na kipande kisichoingia kwa nguvu ya kidole hakitakiwi kuingia kwa nguvu ya kiganja.

Sheria mbili hazikuwa na mjadala. Ya kwanza, hakuna kufungua pawa saplai. Humo ndani, umeme wa ukutani wa volti 230 hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu unaofikia takribani volti 325, ukahifadhiwa kwenye kapasita kubwa, na unaweza kubaki humo hata baada ya waya kuchomolewa. Ya pili, hakuna kufungua skrini za zamani zenye kisogo, kwa kuwa ndani yake kuna maelfu ya volti. Niliwaambia kwamba fundi mzuri anajulikana pia kwa milango asiyoifungua. Walilielewa hilo upesi kuliko nilivyotazamia. Watoto waliokulia kando ya maji wanajua tangu wadogo kwamba ujasiri una mipaka.

Nyuma ya pawa saplai hizo za zamani ndipo tulipokutana na somo letu la kwanza kubwa. Nyingi zina swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120 hivi, wa kwetu ni 230. Mashine ikija kutoka kule swichi ikiwa upande wa 115, ukaichomeka Mwanza bila kuitazama, pawa saplai inapasuka kwa mlio na chumba kinajaa harufu ya kuungua. Mashine kadhaa za stoo yetu zilikuwa zimeishia hapo. Aliyeona moshi alisema kompyuta imeungua, na kwa macho yake alikuwa amesema kweli. Lakini tulipozifungua na kuzijaribu kwa pawa saplai nyingine, madabodi zilikuwa salama, diski salama, RAM salama. Sehemu moja ilikuwa imeungua, na mashine nzima ikazikwa nayo. Siku mashine ya kwanza kati ya hizo ilipowaka na kutoa mlio wake mmoja mfupi, watoto walipiga kelele mpaka walinzi wakaja kuuliza kuna nini.

Tulipofika kwenye kupima, nilichukua pawa saplai nzima, nikaunganisha waya wake wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni yake ikaanza kuzunguka peke yake mezani. Wanafunzi wakapokezana mita. Waya wa njano volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3. Kijana mmoja kutoka Igombe, mkimya, asiyefanya vizuri sana katika mitihani yangu ya fizikia, akaangalia namba ya waya wa njano kwa muda mrefu.

"Mwalimu, hii si sawa na betri ya taa za dagaa?"

Nikamwambia ndiyo, ni volti zilezile. Macho yake yakabadilika. Nyumbani kwao walikuwa wavuvi. Zamani wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria walivuta samaki kwa mwanga wa karabai. Siku hizi wengi wanatumia taa za LED zinazoendeshwa na betri, na yeye ndiye aliyekuwa akizitengeneza za baba yake na za majirani. Akaomba kusema neno.

"Betri ukiipima haina kazi inakudanganya, mwalimu. Inaonesha 12. Iwashie taa kwanza, ndipo upime. Kama imechoka utaiona inashuka."

Nilimpa chaki. Alisimama mbele ya darasa akaeleza jambo ambalo vitabu vyangu vya chuo vililieleza kwa kurasa kadhaa za hesabu: kwamba chanzo cha umeme kinapimwa kikiwa kazini. Tulilichukua somo lake moja kwa moja. Pawa saplai moja tuliyokuwa tumeiona nzima, kwa kuwa ilitoa volti 12 ikiwa peke yake mezani, iliporudishwa kwenye mashine na diski ikaanza kuzunguka, ilishuka chini ya 11. Ugonjwa ulioisumbua ile kompyuta kwa muda mrefu ukajulikana kwa dakika chache, na aliyeugundua ni mtoto ambaye ripoti yake ya muhula ilisema aongeze bidii.

Tangu siku hiyo nilianza kila mada kwa kuuliza nani ana habari yake kutoka nyumbani. Kulikuwa na mtoto wa fundi redio wa Kirumba aliyejua kushika pasi ya kuchomelea risasi. Kulikuwa na binti ambaye kaka yake alitengeneza simu katikati ya mji, upande wa Makoroboi, na alijua kusoma sura ya kapasita iliyovimba. Shule ilikuwa imewapokea watoto hao miaka miwili au mitatu bila kuwauliza wanajua nini. Mwalimu anayeanza na alichonacho mtoto hujenga juu ya mwamba, na Mwanza miamba haijawahi kutuishia.

Ziwa lenyewe likawa mwalimu mwenzangu. Mgeni akiliona lile wingu jeusi likisimama juu ya maji asubuhi hudhani ni moshi wa meli. Ni wadudu wadogo wasio na idadi, wanaotoka majini na kupelekwa na upepo hadi mjini, wakifuata taa. Hawang'ati, lakini wanaingia kila penye mwanga na kila penye upenyo, na feni ya kompyuta inawavuta ndani kwa nguvu zake zote. Wakishakufa humo wanachanganyika na vumbi na unyevu, wanafanya tabaka zito juu ya mapezi ya kupoozea prosesa. Niliwapa wanafunzi kazi ya kuandika ni lini wadudu wanazidi. Jibu lililetwa na watoto wa wavuvi kabla ya wengine kumaliza kuhesabu: ni siku za giza, mwezi unapokuwa mwandamo. Ni usiku huohuo ambao dagaa wanavuliwa vizuri, kwa sababu taa za wavuvi hazishindani na mbalamwezi.

Kwa hiyo tukapanga usafi wetu kwa mwezi wa angani. Kila giza lilipopita, mashine zilifunguliwa, zikapulizwa, zikapigwa brashi. Taa ya ulinzi iliyokuwa ikiwaka ndani ya chumba usiku kucha ikahamishiwa nje, mbali na dirisha. Tukabandika wavu mwembamba kwenye madirisha. Hakuna kitabu cha matengenezo kilichoandikwa mbali na hapa ambacho kingetuambia hayo. Kitabu husema safisha kompyuta kila baada ya miezi kadhaa. Mwanza adui anakuja na mwezi, na ratiba ilibidi imfuate.

Radi nayo ilitufundisha. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi. Mchana ngurumo hujengeka juu ya nchi kavu, usiku zikahamia juu ya maji, na shule yetu ilikuwa mpakani. Wanafunzi walizoea kuzima kompyuta kwa kitufe na kuondoka. Tukaweka utaratibu mpya: mtu wa mwisho kutoka anachomoa plagi zote ukutani, na waya wa mtandao pia, kwa sababu mshtuko wa radi hupita kwenye waya wowote ulio mrefu. Majina ya zamu yalibandikwa mlangoni. Umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, stebilaiza ilichukua pigo badala ya mashine. Utaratibu ule wa kuchomoa plagi haukutugharimu fedha, nao uliokoa vifaa vingi kuliko bisibisi zetu zote.

Moyo wa kozi, hata hivyo, ulikuwa daftari. Kila mashine ilikuwa na daftari lake, lenye sehemu nne: imelalamika nini, tunadhani ni nini, tumepima nini, tumebadilisha nini. Sheria ya daftari ilikuwa moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika, ndipo uende kwa kinachofuata. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, umeponya bila kujua ulichoponya, na kesho ikiugua utaanza upya. Fundi wa mitumbwi wa Kirumba hakalafati ubao mzima. Kwanza anatafuta maji yanapenyea wapi.

Binti yule aliyeuliza swali siku ya kwanza ndiye aliyenionesha jinsi sheria hiyo inavyozaa matunda. Kulikuwa na kompyuta iliyowaka vizuri, ikafanya kazi kwa muda, kisha ikazimika ghafla. Darasa lote lilikuwa na jibu: virusi. Katika mji wetu wakati huo, kompyuta ikikohoa ilikuwa ni virusi, na dawa ya virusi ilikuwa kufuta kila kitu na kuanza upya, pamoja na kazi za watu zilizomo. Wenzake walishaanza kutafuta diski ya kuingiza Windows upya. Yeye akawaomba wasubiri. Aliiwasha mashine, akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya awali, ule unaotokea kabla Windows haijaanza, akaiacha hapo. Akakaa mbele yake na daftari na saa ya mkononi. Mashine ikazimika.

"Hapa Windows haijaingia kabisa," akawaambia wenzake. "Virusi vinakaa wapi?"

Akaiacha ipoe, akaiwasha tena, safari hii akitazama namba ya joto la prosesa kwenye ukurasa uleule. Ikapanda bila kusimama mpaka mashine ikajizima. Akafungua ubavu wa sanduku, akaelekeza feni ya mezani ndani, akarudia. Ikadumu kwa muda mrefu zaidi. Kila hatua aliiandika. Mwisho akakitoa kipoozeo, akakuta ile krimu ya kupitishia joto, inayopakwa kati yake na prosesa, imekauka na kuwa unga. Tukanunua kichupa kidogo mjini, akasafisha, akapaka upya kiasi cha punje ya mchele, akafunga. Mashine ile ilifanya kazi hadi nilipohama shule.

Thamani ya Jumamosi ile, kwangu mimi, ilikuwa kubwa kuliko mashine iliyopona. Binti wa miaka kumi na mitano alikuwa amekataa jibu la watu wengi, kwa adabu, bila kugombana na mtu, akatengeneza jaribio ambalo lingeweza kumthibitisha yeye mwenyewe kuwa amekosea, kisha akakubali kuongozwa na matokeo. Nilikuwa nimefundisha mbinu ya kisayansi kwa miaka mingi, hatua ya kwanza hadi ya mwisho, na wanafunzi walikuwa wakiikariri bila kuruka hata nukta. Siku hiyo niliiona ikitumika.

Zipo pia mashine ambazo hazikupona, na kozi yoyote ya kweli inapaswa kufundisha kufa kwa vifaa sawa na inavyofundisha kupona. Madabodi nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi ziliwekewa kapasita zenye maji mabaya ndani. Zilivimba vichwa na kuvuja, duniani kote. Baadhi tulizibadilisha, nyingine zilikuwa zimeshachelewa. Hapo linakuja swali ambalo watu wa ufukweni hawawezi kulikwepa: zinakwenda wapi? Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na sehemu iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo haikufika robo. Madabodi za kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida ziliunganishwa kwa risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji letu na kuingia ziwani. Kinachotupwa mtaani kina njia ya wazi hadi kwenye maji tunayokunywa na samaki tunaowala. Wanafunzi wangu walikuwa wamezoea kuona waya zikichomwa jalalani ili kupata shaba. Tukakubaliana kwamba kwetu hakuna kuchoma: kinachofaa kinatolewa na kuwekewa lebo, kisichofaa kinafungwa kwenye boksi na kubaki stoo mpaka apatikane wa kukipokea kihalali. Tanzania ilitunga kanuni za usimamizi wa taka hizi mwaka 2021, nami nafurahi kwamba watoto wale walianza kuzitii kabla hazijaandikwa.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote hakikuwa umeme wala fedha. Mzazi mmoja alikuja shuleni akiwa amevaa nguo zake za heshima, akanisalimia kwa upole, akasema: "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome. Kama ni ufundi, angebaki nyumbani." Nilimheshimu kwa uwazi wake, na nilimwelewa. Kwa miaka mingi tumewafundisha wazazi, kwa vitendo vyetu, kwamba kazi ya mikono ni ya waliokosa nafasi. Mwalimu Nyerere aliandika *Elimu ya Kujitegemea* mwaka 1967 akitaka shule ziunganishe akili na mikono. Katika shule nyingi jembe likaja kuwa adhabu ya waliochelewa namba, na watoto wakajifunza kinyume cha kile alichokusudia. Hapahapa Mwanza tuna Bwiru Wavulana, miongoni mwa shule kongwe za ufundi nchini, na tuna VETA, lakini bado ukimwambia mzazi mtoto wake ana kipaji cha ufundi, anasikia kwamba amefeli.

Nilimkaribisha mzazi yule aje Jumamosi. Alikuja, akasimama dirishani, akamwona mwanawe akibishana na wenzake juu ya volti, akinukuu vipimo kutoka kwenye daftari. Hakusema mengi. Wiki zilizofuata kijana alikuja na bisibisi yake mwenyewe, mpya, ya kununuliwa na baba yake.

Ndiyo maana nafuatilia kwa makini mabadiliko ya elimu yanayoendelea sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeweka mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla katika sekondari. Ni hatua njema, na naiunga mkono kwa moyo wote. Hofu yangu ni moja: mkondo huo ukigeuzwa kuwa mahali pa kuwapeleka wenye alama ndogo, tutakuwa tumejenga upya ukuta uleule kwa matofali mapya. Na watoto wa mkondo wa jumla, wale watakaokuwa madaktari, mahakimu na maofisa, watakosa shule ya kupima kabla ya kusema, ambayo pengine wao ndio wanaihitaji zaidi, maana makosa yao yanaumiza watu.

Ninalisema hili nikiwa na ushahidi. Wengi wa wanafunzi wale hawakuwa mafundi wa kompyuta, na sikuwahi kutaka wote wawe. Kijana wa Igombe ana karakana ya taa na betri za jua, anahudumia wavuvi. Wengine wako kwenye uhasibu, kilimo, biashara. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Sengerema. Aliwahi kunisimulia kwamba alipokabidhiwa darasa, aliambiwa kuna mtoto mzito, asiyeandika kitu, na kwamba asipoteze muda naye. Alimhamishia dawati la mbele. Akampa kusoma ubaoni kwa hatua tano, kisha hatua mbili. Akaandika matokeo. Mtoto alikuwa haoni mbali. Leo anavaa miwani na anasoma.

"Mwalimu," akaniambia, "nilikumbuka leja ya stoo."

Nikiulizwa leo kozi hii ianzeje katika shule isiyo na kitu, sitasema tusubiri maabara. Shule ikipokea kompyuta, ipokee pamoja nazo sanduku la vifaa: bisibisi, brashi, mita, betri za saa, krimu ya prosesa. Kila mashine iwe na daftari lake tangu siku inapowasili. Wanafunzi wapewe zamu za utunzaji, wasichana na wavulana sawasawa, na bisibisi isiishie mikononi mwa wavulana huku wasichana wakishika kalamu. Bajeti ya shule itenge kiasi kidogo cha vipuri kila muhula, kama inavyotenga chaki. Mtihani wa kompyuta uwe na sehemu ya mezani, ambapo mtahiniwa anapewa mashine inayosumbua na daftari tupu, na alama zake zitoke kwenye namna alivyotafuta, hata kama muda utamwishia kabla hajapata. Walimu waruhusiwe, bila hofu ya mkaguzi, kuwapa watoto kile kilichokwisha kuandikwa mbovu.

Leja ya stoo ipo katika kila shule ya Kanda ya Ziwa, na kila leja ina safu ya vitu vilivyohukumiwa. Mkuu wa shule anayesoma haya aifungue, achague kimoja, na awakabidhi wanafunzi pamoja na swali la binti yule: tumeshajua iliharibika nini? Akifanya hivyo, kozi imeanza.